Nyasi za Boma la Mama Hawo

Mliniomba nije niongee nanyi siku ya kwanza ya mafunzo yenu, nikawaambia kifua kinanisumbua. Kifua changu ni kizima. Ni aibu tu. Nimekuwa na aibu tangu shule ya msingi, na jua la Kinna, pamoja na ukali wake wote, halikuichoma ikaisha. Watu zaidi ya watano wakinitazama, maneno hunitoroka kama kanga waliosikia gari.

Kwa hivyo nimeandika. Kuandika sijawahi kuogopa. Daftari langu la kwanza nililianza nikiwa kidato cha pili, nikalificha chini ya godoro tulilolalia wasichana watatu, na nilijua dada zangu wanalisoma kwa sababu walikuwa wakicheka kabla sijasema lolote. Niliendelea na madaftari kazini, miaka yote. Sasa yako hapa mezani. Mengine yameliwa na mchwa. Kuna kurasa mbili tatu ambazo kama mchwa wangezianzia hizo, ningewashukuru.

Jina langu ni Akiru. Mimi ni Mturkana wa Bulla Pesa, nilizaliwa hapo na hapo ndipo nimestaafia, kwenye chumba kimoja cha ploti chenye jirani mwenye redio. Nilikuwa fundi wa nyanjani wa mradi wa kurudisha nyasi na miti kwenye malisho ya kati ya Kinna na Garbatulla, mahali ambapo ardhi ilikuwa imekwanguka mpaka ikawa nyekundu na ngumu kama sakafu. Nyasi zirudi, ng'ombe wale, pundamilia warudi, na wale wanaowafuata pundamilia warudi pia, hata kama hao hakuna aliyewaalika. Hiyo ndiyo kazi mnayoirithi.

Nianze na miguu, maana huko ndiko kazi inakoanzia. Sandali za tairi ni nzuri kwa barabara, lakini mwiba wa mgunga unapita tairi. Vaa buti, na kila siku beba sindano ya kushonea. Usiazime sindano ya mwenzako. Mwiba ukivunjikia ndani usiukamue, utaingia zaidi. Chimba pembeni. Na mkikata mathenge, ule mti wa kigeni unaovamia malisho, msijidanganye kwamba mmeua mti kwa sababu mmeangusha mti. Fukueni shina mpaka chini ya udongo, kiasi cha urefu wa kiganja, la sivyo mkirudi baada ya mvua mtakuta umetoa watoto kumi na una hasira. Haya nilifundishwa kwa maneno. Mengine nilifundishwa kwa aibu, na hayo ndiyo nayakumbuka vizuri.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kundi la wanawake wa Kiborana wachimbe mashimo ya nusu mwezi. Nyinyi mtayachimba, kwa hivyo sikilizeni. Unachimba na kurundika udongo upande wa chini wa mteremko, rundo likiwa na umbo la mwezi mchanga, mikono yake miwili ikitazama juu. Maji ya mvua yakiteremka yanaingia kwenye kumbatio hilo yanakwama, na mbegu inapata muda wa kunywa. Mimi nilipewa karatasi ya mchoro. Haikuwa na mshale wa kuonyesha juu ni wapi na chini ni wapi. Ningeuliza tu. Lakini msimamizi alikuwa anaongea na watu, sikutaka kumkatiza, nikaingia kwenye gari na karatasi yangu.

Siku tatu wanawake walichimba. Mimi napita na fimbo, napima, nasema vizuri, vizuri.

Siku ya tatu mchana, kiongozi wao, mama mmoja mwembamba anayeitwa Hawo, alimaliza kutawadha, akabaki na maji kidogo kwenye birika. Akaja nalo mpaka niliposimama.

"Intala," akaniita. Ni Kiborana, binti. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo kule. Wengine waliniita dada, au wewe mrefu. "Maji ya mvua inatoka wapi?"

"Juu, mama."

"Inaenda wapi?"

"Chini."

"Haya. Angalia."

Akainama juu ya shimo, akamimina polepole. Maji yakateremka, yakagonga rundo la udongo kwa mgongo, yakagawanyika njia mbili, yakazunguka shimo letu zuri yakaenda zake. Ndani hata tone.

Wanawake waliweka majembe chini kabisa ili wacheke vizuri. Mmoja akasema, "Akiru amejengea maji nyumba, lakini mlango ameweka nyuma ya kitanda!" Mwingine akaniuliza kama sauti yangu nimeiacha Bulla Pesa, kwa sababu nilikuwa nimefungua mdomo na hakuna kilichotoka.

Baadaye, wengine walipoondoka, nilimuuliza Mama Hawo alianza kujua lini.

"Asubuhi ya kwanza."

"Asubuhi ya kwanza! Kwa nini hukusema?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini ng'ombe haendeshi lori. "Wewe ndiyo fundi. Karatasi iko na wewe."

Tulichimba upya. Nikaandika kwenye daftari: *Kuanzia leo nitakuwa nauliza.* Niliandika hivyo, ninyi mnaonisoma. Mkono wangu mwenyewe.

Mengi ninayojua kuhusu nyasi nilipata kwa huyo mama. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba mbegu iliyovunwa msimu huu haioti msimu huu. Ilaze kwenye gunia, mahali pakavu, isahau ilikotoka. Yeye ndiye aliyesema tusiifukie. Mradi ulikuwa na msimamizi, Bwana Kirimi, Mmeru, mtoto wa wakulima kutoka huko juu kwenye baridi, na siku ya kwanza ya kupanda alitaka tuitie mbegu kwenye vijishimo halafu tuikanyagie.

"Bwana Kirimi," Mama Hawo akamwambia, "hii si mahindi ya mama yako. Nyasi ukimzika, amekufa."

Tukaichanganya na mchanga na samadi iliyosagwa, tukaimwaga, tukaikwaruza na tawi la miiba kana kwamba tunaichana nywele. Halafu tukakata migunga ile midogo iliyosongamana, inayoua nyasi kwa kivuli na kwa kiu, tukayalaza matawi juu ya mbegu, miiba ikitazama nje, ili mbuzi wasiingie. Msimu wa pili ilitoka mata gudesa, nyasi yenye vichwa vinene kama brashi ya kuoshea chupa, ikafika gotini. Bwana Kirimi alisimama pale akiitazama. Kisha akavua kofia. Nataka mjue hakuwa mtu mbaya. Kila akitoka kwao aliniletea viazi.

Sasa niwaeleze kile kipande tulichokipanda. Tulikizungushia ua wa miiba, na mlango wake ulikuwa mgunga mmoja mzima unaoburutwa na watu wawili. Kwenye baraza, kabla hatujachimba hata shimo moja, tulikubaliana kitatunzwa kama kalo. Kalo ni desturi ya Waborana ya zamani: kipande cha malisho kinafungwa mvua ikinyesha, kila mtu anapita kando yake na mifugo bila kukigusa, na kinafunguliwa kiangazi kikikaza, kwa ndama na ng'ombe waliodhoofika tu. Bwana Kirimi mwenyewe alisema hivyo, kwa Kiswahili safi, na wanawake wakapiga makofi. Ndiyo sababu walichimba vile. Hakuna mtu anayechimba sakafu kwa sururu kwa sababu ya pundamilia.

Na kulikuwa na fomu. Kila mwisho wa mwezi niliingia ndani ya ua na fremu ya mbao, naitupa bila kuangalia, napima nyasi zilizo ndani yake: urefu, aina, kijani kiasi gani, kavu kiasi gani. Mstari wa mwisho wa fomu uliandikwa *Maoni ya fundi*. Fomu hiyo ilikwenda kwa kamati ya malisho, ambamo wamo wazee wanaopanga malisho, pamoja na mradi. Fundi akiandika kwamba nyasi imekomaa na ifunguliwe, kamati ni lazima ikae na kuamua. Asipoandika, hakuna la kuzungumza, fomu inaingia kwenye faili.

Mimi kila mwezi nilichora kistari. Maoni ya nani? Mimi nina maoni gani?

Siku hizi mnarusha ile ndege ndogo, inapiga picha malisho yote kabla chai haijapoa. Ni nzuri, sibishani nayo, imewaokoa magoti. Lakini ile ndege inaona kijani na isiyo kijani. Nyasi iliyozeeka kwa kukosa kuliwa haiioni. Nyasi isipokatwa na meno inajifunika yenyewe: majani ya mwaka jana yanakauka yakiwa yamesimama, yanakuwa ya kijivu, machipukizi ya chini yanakosa mwanga, na udongo usiopigwa na kwato unafunga tena. Ukitaka kujua, piga magoti, ingiza mkono mpaka kwenye shina, ubane. Likivunjika kama kijiti cha kiberiti, umechelewa. Mama Hawo alinishika mkono akanionyesha hivyo. "Nyasi ni kama msichana wa harusi," alisema, "ukimficha sana anazeeka nyumbani." Kisha akacheka, kwa sababu mimi wakati huo nilikuwa bado sijaolewa. Wala baadaye sikuolewa. Lakini hayo si ya mafunzo.

Mvua ilikosa msimu mmoja. Ikakosa tena.

Mama Hawo alikuwa mjane mwenye ng'ombe kumi na mmoja. Aliwajua kama mnavyojua watu wa nyumba yenu. Mkubwa wao alikuwa Magala, wa rangi ya kahawia, mwenye mimba wakati huo na mwenye tabia ya kukoroma akikataa jambo. Mwanzo mama alikuwa anakwenda Rapsu, kwa wale wanaolima kwa mifereji, anarudi na mabua ya mahindi juu ya punda. Mabua yakaisha Rapsu. Akahamisha boma lake, akalijenga karibu na ua wetu, umbali wa kuitana. Hakusema kwa nini. Haikuhitaji kusemwa.

Alinijia asubuhi moja nikiwa napima. Hakuingia. Alisimama nje ya miiba aliyoikata kwa mikono yake mwenyewe, akanisalimia kwa heshima zote, nagaa, nagaa, nyumbani nagaa, mpaka salamu zikaisha.

"Intala, nyasi imekuwa tayari zamani."

"Najua, mama."

"Mimi sitaki yote. Wale dhaifu tu, asubuhi, mpaka jua ipande. Siku saba. Wengine pia walete dhaifu yao. Si tulisema kalo?"

"Tulisema."

"Sasa mtoto wa dada yangu, Wario, anapeleka ng'ombe yake upande ya Merti. Kesho kutwa. Anasema niungane na yeye. Ni mbali, lakini huko kuna kitu kidogo. Magala na mimba yake sijui kama atafika, lakini wengine watafika." Akatazama upande wa boma lake. "Niende, ama ningoje? Wewe ndiyo fundi."

Nilipanda kile kilima kidogo chenye mtandao, nikampigia Bwana Kirimi.

Alinisikiliza. Akasema anaelewa kabisa, kabisa. Lakini kulikuwa na wageni waliokuwa wanakuja kuutazama mradi, na kile kipande ndicho kilichokuwa cha kuonyesha. Wakikuta nyasi imeliwa wataona nini? Vumbi wanalo kwao. "Wiki mbili tu, Akiru. Wakiondoka tunafungua siku hiyohiyo, mimi mwenyewe nitaburuta ule mlango. Wewe jaza fomu kama kawaida."

Kama kawaida ni kistari.

Hakunikataza kuandika. Nimerudia mazungumzo yale mara nyingi nikitafuta mahali aliponikataza, ili nimpe mzigo huu aubebe yeye. Hapana. Ningeandika maneno matatu, kamati ingekaa, wazee wangesema kalo ni kalo, na wageni wangekuta ng'ombe. Yeye angekasirika. Labda angeacha kuniletea viazi. Hilo ndilo nililokuwa naogopa, watoto wangu, nikiwa mtu mzima: kukunjiwa uso.

Nilikaa kwenye jiwe na fomu juu ya goti. Niliandika *Nyasi imekomaa*. Nikaitazama. Ilionekana kama mtu anayepiga kelele ndani ya ofisi. Nilikuwa na kifutio, nikaifuta, karatasi ikaingia doa la kijivu. Juu ya doa nikachora kistari.

Nikashuka. Mama Hawo alikuwa amekaa palepale alipokuwa.

"Umeandika?"

Nikasema, "Nimeandika, mama. Tunangoja jibu."

"Kwa hivyo ningoje."

"Ngoja."

Wario akaondoka na ng'ombe wake. Wa Mama Hawo wakabaki.

Wageni hawakuja baada ya wiki mbili. Kulikuwa na jambo, wakaahirisha. Halafu wakaahirisha tena. Kila asubuhi nilipita njia ya boma lake, na kila asubuhi aliniuliza, "Jibu?" nami nikasema bado. Ng'ombe walikuwa wanasimama kwenye ua wetu na kuweka midomo juu ya miiba, wanavuta majani yaliyochungulia nje, pua zikitoka damu. Waliyala yale yaliyochungulia yakaisha. Ua ulikuwa imara. Tuliujenga vizuri.

Mtaniuliza kwa nini hakuuvunja. Watu wawili tu wangeuburuta ule mlango, na yeye alikuwa na majirani, na hata mimi nilikuwa nasali waje wauvunje mchana nikiwa Kinna. Lakini kalo haivunjwi. Mtu anayeingiza ng'ombe kwenye kalo kabla haijafunguliwa jina lake linachezewa mpaka kwa wajukuu. Alikuwa na ua wa miiba mbele, na nyuma yake ua wa aibu. Na alikuwa na neno langu, kwamba nimeandika.

Wa kwanza kulala alikuwa ndama wa mwaka uliopita. Ng'ombe akilala wakati wa njaa unamwinua kwa mkia na mabega, watu wanne, anasimama, anatetemeka, anakula kitu kidogo anaweza kupona. Nilisaidia kuwainua. Nilishika mkia kwa mikono hii. Halafu inafika siku unamwinua na anakutazama tu na kujilaza tena polepole, kama mgonjwa anayewaambia wageni asanteni kwa kuja. Mmoja baada ya mwingine. Wawili wa mwisho alimpa mchinjaji wa Garbatulla wakiwa bado wanatembea. Magala alikoroma mpaka siku yake.

Kisha wageni wakaja. Walivaa kofia pana, walikuwa wapole, walikanyaga kwa uangalifu. Mmoja wao, mama wa makamo, aliangalia nyasi, akaangalia huku na huku, akauliza, "Wanyama wako wapi?" Bwana Kirimi akasema wamehama kwa sababu ya kiangazi. Upepo ulikuwa unatoka upande wa boma. Nadhani alisikia harufu, lakini alikuwa mgeni, hakuuliza tena.

Siku hiyohiyo Bwana Kirimi aliuburuta mlango mwenyewe, kama alivyoahidi. Hakukuwa na ng'ombe wa kuingia. Alisimama ameshika tawi, akaniuliza, "Wa yule mama?" Nikamwonyesha kwa kidevu. Akakaa chini. Baadaye alisema, "Ungeniambia ni mbaya hivi." Mvua iliponyesha mwishowe, nyasi ndani ya ua ilikuwa imekuwa ya kijivu na kuoza kwenye mashina. Tuliipoteza nusu nzima. Kwa hivyo hatukuihifadhi hata hiyo nyasi.

Mama Hawo alihamia Kinna kwa binti yake. Ilinichukua zaidi ya mwaka kwenda. Nilinunua sukari na majani ya chai, nikafika, nikaketi kwenye mkeka, akanipikia chai ya maziwa ya pakiti. Yeye, maziwa ya pakiti. Nilikunywa yote kabla sijaweza kusema.

"Mama, ile fomu. Sikuandika."

Akachukua kikombe changu, akakiangalia kama kimeisha.

"Najua," akasema. "Kwa kamati, wazee waliuliza karatasi za kiangazi. Kijana alisoma moja moja. Ikifika mahali pako anasema, hapa ni laini tu, mstari mtupu. Hapa ni laini. Hapa ni laini, na uchafu kidogo."

"Ulijua muda huu wote?"

"Nilikuwa nangoja uje mwenyewe." Akanijazia kikombe. "Umechelewa kama ile mvua. Kunywa, fundi."

Fundi. Si intala. Nilingoja labda ulimi umeteleza. Nilipoaga akaniambia nenda salama, fundi. Hakunifukuza, hakunilaani, hata sukari aliipokea. Nimewahi kupigwa na mama yangu kwa fimbo ya mkoma, na ile ilikuwa nyepesi.

Nilirudi kazini, nikafanya miaka mingine mingi. Sikugeuka kuwa mtu wa kusema sana, msidhani. Niliandika maoni kwenye fomu, mafupi, kila mwezi. Kamati ilinikatalia mara nyingi. Mara nyingine nilikuwa nimekosea. Hakuna aliyenikunjia uso zaidi ya siku mbili.

Mwezi wangu wa mwisho kabla ya kustaafu niliacha kipande nikatembea mpaka kwenye lile boma la zamani. Miiba yake ilikuwa imeoza, imeliwa na mchwa. Na ndani, duara zima, nyasi ya mata gudesa imefika kiunoni, ya kijani ambayo sikuwahi kuipata kwenye shimo lolote nililopima kwa fremu na kamba. Samadi ya miaka, na mifupa, na mbegu zilizokuja matumboni mwa ng'ombe waliozinyakua juu ya ua wetu. Pundamilia watano walikuwa wanakula humo, wale wenye milia myembamba, na mtoto mmoja. Wataalamu wana maneno yao kuhusu maboma ya zamani, mtayasoma, na ni ya kweli. Mkitaka kuponya ardhi, lazeni ng'ombe juu yake misimu michache kisha muwahamishe. Wakiwa hai.

Nilitoa fremu, nikapima, nikajaza fomu. Mstari wa mwisho nikaandika: *Nyasi hii imepandwa na ng'ombe tisa wa Hawo Jillo, waliofia hapa wakingoja fundi aandike.*

Nilitoa nakala, nikampelekea Kinna. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu, amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Nikamsomea. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena.

"Tisa si kweli," akasema.

Nikahesabu kwa sauti. Kumi na mmoja, toa wawili wa mchinjaji.

"Na wa tumbo ya Magala? Huyo nani atamwandika?"

Nilitoa kalamu. Nilikata tisa, nikaandika kumi, nikamshikisha kidole kwenye neno jipya, ingawa hasomi na karibu haoni. Akaligusa kidogo. Akasema, "Sasa iko sawa, fundi."

Fomu yenyewe, ile ya ofisini, nayo niliirekebisha hivyo. Iko kwenye faili ya kijani, rafu ya chini, nyuma ya dawati mtakalopewa. Mkifungua mtaona pia zile za kiangazi, ziko mbele kidogo. Moja ina doa la kijivu. Ukiiinua karatasi hiyo kwenye mwanga wa dirisha, bado unaweza kusoma nilichokuwa nimeandika.